Mwaka wa Eda ya Bi Kibibi

Siku tuliyomzika Bi Kibibi, nilisimamishwa mlangoni. Nyumba ni ya bintiye, Zuhura, kule Mbagala, na wanawake walikuwa wamejaa hadi uani. Nilikuwa nimetoka Chanika alfajiri, nikafika jasho linanitoka, kanga nimejifunga kichwani ovyo kama kawaida yangu, rozari imo ndani ya pochi. Binti mmoja aliyekuwa anapanga watu akanishika mkono kwa adabu. “Shikamoo mama. Samahani, wewe ni nani kwa marehemu? Maana wanaoingia kumuaga ni watu wa karibu tu.” Nikabaki nimekodoa macho. Jamani, swali hilo ni langu! Nimelala nalo, nimeamka nalo, mpaka nimestaafia nalo. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa mezani, mjane au yatima akija kudai pensheni ya marehemu, namtazama usoni na kumuuliza: wewe ni nani kwake? Nimewauliza watu wasio na idadi, na sikuwahi kujiuliza jibu langu lingekuwa nini kama ningeulizwa mimi. Binti wa watu akasubiri. Nikamwambia, “Nipe nafasi nivute pumzi kwanza, mwanangu,” nikakaa juu ya kiti cha plastiki pembeni, nikaanza kuukumbuka mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo, nimefika Dar kutoka Songea na sanduku moja la bati, nikaajiriwa kuwa katibu na mshauri wa wadhamini. Shirika lilikuwa la maghala, Kurasini, karibu na bandari, mahali ambapo malori yakipita, madirisha yanatetemeka na chai inamwagika kwenye sosa. Shirika lilikuwa na mfuko wake wa pensheni, wa aina ambayo siku hizi vijana wakisikia wanadhani nawatania: mtu akistaafu, anapewa pensheni kila mwezi mpaka afe, kwa kadiri ya miaka aliyofanya kazi na mshahara aliomalizia, na akifa, mjane wake anaendelea. Mfuko ulisimamiwa na wadhamini, wengine wa upande wa uongozi, wengine waliochaguliwa na wafanyakazi, na mmoja wa wastaafu wenyewe. Huyo wa wastaafu alikuwa Mzee Salum, aliyekuwa msimamizi wa ghala, mfupi, mkali, barakashia imenyooka siku zote. Siku yangu ya kwanza alinisikia nalalamika kwamba chumba nilichopanga kinavuja. Akasema, “Kwangu Temeke kuna chumba kitupu. Ila mke wangu hapendi watu wasiokula.” Nikahamia Jumapili ile ile.

Nyumba ya Mzee Salum ilikuwa ya kiswahili hasa: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na pipa la maji. Chumba changu kilikuwa cha mbele, kinachoangalia barabara. Kuta zilikuwa hazijafika juu na dari hakuna, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho wewe wa mbele unasema pole. Asubuhi niliamshwa na harufu ya mbaazi za nazi. Bi Kibibi, mkewe, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na macho ya mzaha, mzaliwa wa hapo hapo Dar, na akiniona nimeacha chakula alikuwa akiiangalia sahani, ananiangalia mimi, anaiangalia tena sahani. “Huko Songea mnashibaga hewa?” Jioni, tukishakula, nilikuwa nikijilaza na kuwasikiliza wanavyozungumza chumbani kwao. Mzee akimsimulia kikao neno kwa neno, siri zote za wadhamini zinapita juu ya ukuta. “Wanatuuza, Kibibi. Mwekezaji yuko mbioni.” “Na wewe utauzwa?” “Mie? Nani ataninunua na mgongo huu.” Kisha wanacheka, wote wawili, taratibu, kicheko cha watu waliozoeana. Niliwapenda kabla sijajua kwamba nawapenda. Nilikuwa najiambia nafurahia mbaazi tu.

Kazini nilikuwa mtu wa kanuni. Nilikuwa kijana, na kijana mwenye kanuni ni balaa. Kikao cha kwanza tu niliwaambia wadhamini kwamba mtu yeyote mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa lazima ayatangaze mbele ya wenzake, na jambo lenyewe likifika, atoke nje. Nikaanza na mwenyewe: “Natangaza kwamba naishi kwa Mzee Salum, na chakula nakula kwake.” Mwenyekiti, Bwana Mhando, jitu refu la uongozi lenye tai ya kahawia, akacheka mpaka akavua miwani. “Andika basi. Mshauri anakula kwa Salum.” Nikaandika. Ilionekana kichekesho, na mimi nilinuna. Jambo gumu zaidi lilikuwa kuwaeleza kwamba mali ya mfuko si mali ya shirika, na kwamba akiwa kikaoni meneja si meneja tena na mwakilishi wa wafanyakazi hawakilishi chama. Wote ni watunzaji wa mali ya watu wasiokuwepo pale. Nilizunguka na maneno ya chuoni hadi wakaanza kusinzia. Mzee Salum akagonga meza. “Binti anasema hivi: hii ni mali ya yatima. Mali ya yatima mnaijua, mnaiogopa?” Wakaamka wote. Tangu siku hiyo, mtu akileta hoja ya ujanja ujanja, mwingine anamnong'oneza tu, “Yatima,” naye anaiondoa.

Sasa ngoja nieleze ile kanuni, kwa sababu bila hiyo hakuna hadithi. Tuligundua kwamba kulikuwa na marehemu waliokuwa wakiendelea kupokea pensheni. Mtu yuko makaburini, na mwezi ukiisha kuna shemeji anakuja na kitambulisho chake. Mzee Salum alikasirika kama ameibiwa yeye. Akapendekeza: kuanzia sasa, mstaafu aje mwenyewe, na mstaafu akifa, mjane aje mwenyewe mbele ya wadhamini kabla jina lake halijaandikwa. Asiwakilishwe na mtu. “Tumuone kwa macho!” Nikaona ni rai safi, nikaishauri bodi iipitishe, ikapita bila mtu kuinua kidole kupinga. Wakati huo huo tulikuwa tukivutana na mwanasheria wa yule mwekezaji, kijana mwenye briefcase na marashi makali, aliyetaka mfuko ufungwe na kila mstaafu apewe kitu kidogo mkononi aende zake. Wadhamini walikataa, na kwa hilo nawavulia kofia mpaka leo. Wakapata makubaliano: kila mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la wastaafu siku ya makabidhiano ya shirika ataendelea kulipwa maisha yake yote. Asiyekuwemo, ndiyo basi tena.

Mzee Salum alifariki wiki chache baada ya makubaliano hayo. Alikuwa anafunga kamba za viatu kwenda msikitini, akasema, “Kibibi, hebu niletee maji,” na maji yalipofika hakuwepo. Sitaki kuandika mengi juu ya siku ile. Nakumbuka viatu vyake vilibaki mlangoni, kimoja kimefungwa kamba na kingine bado, na hakuna aliyethubutu kuviondoa. Bi Kibibi akakaa eda. Akavua bangili, akavaa nguo nyeupe, akaingia chumba cha mwisho, pazia likashushwa. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani, haonani na wanaume wa nje. Mimi mtu wa bara nilikuwa sijui. Nilimuuliza Zuhura, aliyekuwa amekuja kumhudumia mama yake, eda itaisha lini. Aliponitajia, nikahesabu kwa vidole. Makabidhiano yalikuwa kabla ya hapo.

Nilikimbilia kwenye pazia. “Mama, lazima twende Kurasini, wadhamini wakuone. Bila hivyo pensheni ya mzee imepotea.” Akanisikiliza hadi mwisho. “Siendi.” Zuhura akaenda kumuuliza shehe wa msikiti wao, na shehe akasema kwa jambo la haja kubwa kama hilo inafaa atoke mchana na arudi nyumbani kwake. Zuhura akarudi mbio na furaha zake. Bi Kibibi akasema, “Shehe kasema inafaa. Mie sijasema haifai. Nimesema siendi.” Nikapandisha sauti, Mungu anisamehe, mbele ya mwenye eda. “Mama, utakula nini?” Ikaja ile sauti yake ya chini: “Anastazia. Maisha yangu yote na Salum, sikuwahi kumpa kitu ambacho yeye hajanipa mie kwanza. Nyumba yake, chakula chake, nguo zake. Hii eda ndo kitu changu pekee cha kumpa. Unataka niikate katikati, nikafuate pensheni yake?” Nilikaa sakafuni ukumbini nikalia, na Zuhura akakaa na mimi, tukawa tunalia huku tunachambua mchele.

Njia nyingine ilikuwa kwamba wadhamini waibadilishe kanuni. Na mshauri wa wadhamini ni nani? Ni mimi, ninayekula kwake. Wenzangu wawili watatu waliniambia, “We zungumza tu, nani atajua.” Lakini yule kijana wa marashi alikuwa anatafuta tundu lolote la kutuchimba. Angegundua kwamba kanuni imebadilishwa kwa ushauri wa mpangaji wa mjane, angeyavunja makubaliano yote, na si Bi Kibibi peke yake angekosa, bali kila mtu kwenye daftari lile. Nilijua hivyo kichwani. Moyoni nilikuwa natamani niwe mjinga nisijue. Siku moja kabla ya kikao nilirudi kwenye pazia, nikamwambia kwamba kesho jina lake litatajwa na mimi sitamsemea. Nitatoka nje. Akaniuliza, “Kwa hiyo kesho mbele ya watu utasema mie si mtu wako?” “Hapana, mama. Nitasema wewe ni mtu wangu. Ndiyo maana sitaruhusiwa kusema lingine.” “Kizungu hicho,” akasema. Asubuhi yake mbaazi zilikuwepo mezani, moto, nazi nzito, kama siku zote. Ila aliponiitia chai kutoka ndani, hakuniita mwanangu. Aliniita Bi Mshauri. Na aliendelea kuniita hivyo wiki baada ya wiki. Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini hakuna tusi lililoniuma kama jina hilo la heshima.

Kikaoni nilisimama. “Natangaza maslahi katika suala la mjane wa Mzee Salum. La jumla nawashauri: mtakalomfanyia mjane mmoja, mfanyieni kila mjane. La mtu huyu sina ushauri.” Safari hii Bwana Mhando hakucheka. “Binti, ukitoka nani atatushauri?” “Nyie ndio wadhamini, mwenyekiti.” Nikatoka, nikaenda kukaa kwenye benchi la kantini, chini ya madirisha ya chumba cha mikutano, ambayo vioo vyake vilikuwa vimevunjika tangu zamani. Sikwenda pale kusikiliza. Au tuseme nilijua kabisa pale panasikika. Kwanza ilikuwa kelele. Mmoja anasema kanuni ni kanuni, tena ya Salum mwenyewe. Mwingine anasema mwekezaji atatucheka. Ndipo nikamsikia Mama Tumaini, mwanamke pekee katika wadhamini, Mchaga wa idara ya utumishi asiyejua kubembeleza. “Hebu niambieni nyie wanaume. Karibu nusu yenu humu ni Waislamu wa pwani hii hii. Mama zenu wamekaa eda, dada zenu wamekaa eda. Siku tunapitisha kanuni hii hakuna hata mmoja aliyekumbuka?” Malori yakapita. Halafu sauti ya mzee mmoja, kwa aibu: “Hatukukumbuka.” “Mtakumbukaje, kwani nyie mnakaaga?” Kimya kirefu, hadi mpishi wa kantini akanitolea macho kuniuliza kama wamekufa humo ndani. Kisha Bwana Mhando akazungumza taratibu. “Salum alitaka tumuone mtu kwa macho. Kuja mwenyewe kulikuwa njia tu ya kumuona. Sie tuna miguu. Tuiongezee kanuni: mjane aliye edani, wadhamini watamfuata nyumbani kwake. Kila mjane, kama alivyosema binti.” Nikaweka kichwa juu ya meza ya kantini. Mpishi akanisogezea chai.

Walikwenda kweli. Walianza na mjane mmoja wa Mbagala, wakaenda kwa mwingine aliyekuwa Kurasini hapo hapo, ndipo wakaja Temeke. Mimi, mwenye ufunguo wa nyumba ile, nilikaa kwenye baraza ya jirani kama mdai. Nikawaona wanavua viatu. Viatu vya Mzee Salum vilikuwa bado pale mlangoni, na nikaona Bwana Mhando anavitazama, anaweka vyake mbali kidogo visivisukume. Wakakaa mkekani ukumbini, mlango wa mbele wazi, Bi Kibibi nyuma ya pazia lake. “Bi Kibibi, asalaam aleikum. Sie wadhamini wa mfuko. Kanuni inatutaka tuhakikishe kwamba ni wewe hasa.” “Waaleikum salaam. Huyo si Mhando? Ramadhani iliyopita umekaa hapo hapo ulipokaa, ukala tambi, ukaomba za pili, ukasema mkeo asiambiwe.” Baraza nzima ya jirani ikaangua kicheko. Bwana Mhando akakohoa. “Basi wenzangu, na mimi natangaza maslahi. Nimekula humu.” “Hata mie,” akasema mwingine. “Na mie, maulidi.” Ikawa hivyo mpaka wakaisha, hakuna mdhamini ambaye Mzee Salum hakuwahi kumleta nyumbani. Akabaki Mama Tumaini. “Mimi peke yangu hamkunialika,” akasema kwa hasira za kweli. “Kaeni hapo. Mimi ndiye nitakayeingia.” Akaingia na kitambulisho chenye picha, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama mtu usoni. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na mkononi ana sahani imefunikwa kawa. “Nimemuona. Ni yeye. Na msinitazame hivyo, sahihi nimeshatia kabla sijapewa hii.” Jina likaandikwa. Siku ya makabidhiano yule kijana wa marashi alilipekua daftari na kumbukumbu za vikao ukurasa kwa ukurasa, akaifikia kanuni ya eda, akasoma maelezo ya nani alitoka nje na kwa nini, akafunga vyote, tundu hakuliona.

Mtadhani mambo yaliishia hapo. Pensheni ilipona, mimi sikupona. Bado nilikuwa Bi Mshauri. Nilikuwa nikienda kwenye pazia kumsalimia, ananiitikia vizuri, ananiuliza kazi, ananiombea kheri, na yote hayo kwa upole uliokuwa ukinichoma. Nikaanza kutafuta chumba kwingine, kimya kimya.

Kisha eda ikaisha. Ilikuwa siku ambayo wastaafu huja Kurasini, na wadhamini walikuwa wamekaa mezani pamoja nami. Mlango ukafunguliwa, harufu ya udi ikatangulia. Bi Kibibi, kanga mpya, bangili mkononi, wanja machoni, Zuhura nyuma yake anahema. Ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya nyumba. Wanaume wote wakasimama. Nikasema, “Mama, haikuwa lazima uje. Jina lako limo.” Hakuniangalia. Akamwambia mwenyekiti, “Najua limo. Nimekuja mnione kwa macho. Salum alitaka hivyo, na mie sikuweza kumfanyia wakati ule. Sasa nafanya.” Bwana Mhando akakaa, akavaa miwani, akachukua kalamu, akaamua kumpa mzee wetu kanuni yake nzima bila kupunguza. “Jina lako?” Akataja. “Wewe ni nani kwa marehemu?” “Mkewe.” “Nani anakufahamu hapa?” Bi Kibibi akawapitia mmoja mmoja, wale walaji wa tambi wote, hakuna aliyemtaja. Akanyoosha mkono, bangili zikalia. “Yule pale. Mwanangu.”

Nilijikaza nisilie, nikashindwa. Bwana Mhando akaweka kalamu chini. “Mshauri umesikia. Hilo nalo unalitangaza?” Nikasimama. “Nalitangaza, mwenyekiti.” “Basi toka nje.” Nikatoka. Na nyuma yangu nikasikia zile bangili zinakuja, na mkono wake ukanishika begani pale kwenye korido. “Kumbe ndo ilikuwa hivi,” akasema. “Ukiwa wangu unatolewa nje.” “Ndiyo, mama.” Akalifikiria jambo hilo kidogo. “Haya. Twende tukale.”

Niliishi kwenye chumba kile cha mbele hadi nilipoolewa, na pensheni ya Mzee Salum ilimtunza Bi Kibibi hadi mwezi aliofariki. Kwenye kiti cha plastiki pale Mbagala niliyapitia yote hayo, nikajifuta uso kwa ncha ya kanga, nikainuka. Yule binti alikuwa bado amesimama mlangoni, mlinzi mzuri, hajaniruhusu wala hajanifukuza. “Uliniuliza mimi ni nani kwake,” nikamwambia. “Ndiyo, mama.”

“Mwanawe.”

Akanipisha, nikaingia ndani.